Tochi za Kitui: Mwanga wa Mbali au Mwanga Mpana?

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie kifaa kilichomo karibu kila nyumba huku Kitui: tochi. Ukiingia dukani, muuzaji ataimulika hadi ukuta wa duka la ng'ambo na kukuambia, "Hii inafika mbali!" Sawa, lakini je, kufika mbali ndiko unakohitaji? Tuanze na historia.

Enzi ya balbu na mawe

Tochi ya mkononi ilisajiliwa kama uvumbuzi huko Marekani mwaka 1899 kwa jina la Mwingereza David Misell. Hapa Kenya, kampuni ya Eveready ilianzishwa mwaka 1967, na kiwanda chake cha Nakuru kikatutengenezea mawe ya tochi hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Balbu ya zamani ilikuwa na waya mdogo sana katikati ya kikombe kinachong'aa. Kikombe kiliukusanya mwanga na kuurusha mbele kama mkuki. Kwa hiyo tochi hizo zilikuwa za mwanga wa mbali kwa maumbile yake. Ungeweza kuzungusha kichwa ili mwanga utanuke, lakini katikati pakabaki doa la giza. Kazi za karibu ziliachiwa koroboi na taa ya chemni.

LED yaingia

Mwaka 1993, Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali. LED nyeupe ikafuata mwaka 1996. (Nakamura, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.) Miaka ya 2000 tochi za bei nafuu kutoka China zikajaa madukani Kenya. Zilikuwa na vijitaa kadhaa vya milimita 5, kila kimoja na lenzi yake ya plastiki. Karibu ziliangaza vizuri, mbali hazikuonyesha kitu. Ubora nao ulisumbua: mwaka 2010 Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills walichapisha utafiti kuhusu tochi za LED nchini Kenya uliojaa malalamiko ya watumiaji.

Baadaye ikaja LED moja yenye nguvu ndani ya kikombe kirefu, na ule wimbo wa "inafika mbali" ukarudi.

Hesabu yake

Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wake kuelekea upande mmoja. Ukiwa na lumeni zile zile, ukipunguza upana wa duara la mwanga kwa nusu, ukali unakuwa mara nne na umbali unakuwa mara mbili. Hakuna cha bure: unachoongeza mbele umekitoa pembeni.

Na ile "mita 200" iliyoandikwa kwenye boksi? Kwa kipimo cha Marekani cha ANSI FL1 cha mwaka 2009, ni mahali ambapo mwanga umefifia hadi luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi.

Sasa, usiku wa Kitui

Kuumwa na nyoka ni hatari ya kweli huku kwetu. Kifutu hakimbii akisikia hatua. Hulala kimya njiani, rangi yake kama majani makavu. Anayetoka sokoni usiku, au anayeteremka alfajiri kuteka maji kwenye mchanga wa mto, anahitaji kuona mita chache mbele, njia yote pamoja na kingo zake. Mwanga wa mkuki humulika duara dogo tu, na ukali wake huyafanya macho yasione vizuri pembeni, pale pale alipolala nyoka.

Mwanga wa mbali nao una kazi yake. Mbuzi wakishtuka bomani, unataka kujua kama kuna fisi kabla hujasogea. Kusini, kuelekea Tsavo, huenda ikawa ni ndovu. Hapo mita 100 ni uhai.

Ushauri wangu: tochi ya boma iwe ya mbali, ya kutembea iwe pana. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua pana, kwa sababu njia unaipita kila siku. Na dukani usimulike ukuta wa ng'ambo. Ishike usawa wa kiuno, mulika sakafu hatua tatu mbele, uone kama mwanga unaenea upana wa njia.

Haya, tembeeni salama. Tukutane wakati mwingine.