Propela ikikatika mlimani, hendibreki haikusaidii

Leo naongelea propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma. Najua wengine hapo kafe mnasubiri matokeo ya mpira, ila kama nyumbani kuna Canter, au huwa unapanda juu ya mizigo kwenda mnadani, soma kidogo.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye Canter ya mjomba, tumetoka Kibondo na magunia ya maharage tunakwenda Kasulu. Kwenye mlima mmoja kati ya Nduta na Mvugwe mjomba akarudisha gia namba moja, akaachia klachi, tukasikia PAA chini ya gari. Injini inanguruma, gari haiendi. Akakanyaga breki, akavuta hendi mpaka mwisho, akazima injini, akatoa mguu ili ateremke aangalie. Gari ikaanza kurudi nyuma. Mjomba akarudisha mguu kwenye breki huku anapiga kelele, "Wewe kijana, tia jiwe! Tia jiwe!" Utingo alikuwa ameshawahi chini, akasukumia jiwe nyuma ya tairi. Hatua chache nyuma yetu kulikuwa na mama na watoto wawili wamebeba kuni.

Mimi nikadhani hendi imeharibika. Kumbe ilikuwa nzima kabisa. Canter nyingi za zamani, na hata Land Rover Defender za zamani, hendibreki yake haipo kwenye matairi. Ni dramu iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inashika propela, na propela ndiyo inashika difu na matairi ya nyuma. Sasa propela ikikatika, hendi inabaki inashika kipande cha chuma kinachoning'inia. Hata ukiacha gari kwenye gia haishiki, maana gia nayo inapitia hukohuko. Kinachobaki ni breki ya mguu, tena kama kipande kilichokatika hakijapiga paipu ya breki. Kwa hiyo propela ikikatika mlimani, dereva asitoe mguu kwenye breki mpaka tairi ziwekewe mawe.

Baadaye tulipokivuta kile kipande nje nikaelewa kwa nini kilikatika. Miaka ya nyuma propela ilishawahi kupinda, fundi mmoja akakata katikati akachomelea kipande cha bomba la maji. Ilidumu, kwa sababu barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, unatembea 30 au 40. Halafu ukaja mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita kama 260, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila mtu akafurahi, na mjomba akaanza kwenda 80.

Hapo ndipo penye kazi. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.5 na difu inayozungusha propela mara 5.5 kwa kila mzunguko wa tairi. Ukiwa 80, propela inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, ile nguvu ya kurusha nje haiongezeki mara mbili mwendo ukiwa mara mbili, inaongezeka mara nne. Gari ya mjomba ilikuwa inatetemeka ikifika 70, yeye anasema ni lami mpya. Lami mpya gani inatetemesha viti? Vile vibati vidogo unavyoviona vimechomelewa kwenye propela ya kiwandani siyo viraka, ni vya kusawazisha uzito. Usivitoe.

Jambo la pili ni kros. Ni kitu cha zamani, Robert Hooke wa Uingereza aliieleza karne ya 17, na Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya kuitumia kwenye magari mwaka 1903. Tabia yake ni kwamba ikiwa imepinda, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja. Unaharakisha na kupunguza mara mbili kila mzunguko. Kros ya upande mwingine ndiyo inafuta huo mchezo, lakini ni lazima masikio ya kros zote mbili yaelekee sawasawa. Ukivuta ile sehemu ya meno inayoteleza ukairudisha umeruka jino moja tu, gari inatetemeka hata kama spea ni mpya. Piga alama kwa patasi kabla hujafungua, kule kwenye flenji pia. Alama ya chaki inafutika na grisi.

Dalili za kros kufa ni unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, na mlio wa "kla" ukiachia klachi. Ukitia grisi, tia mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka vitatu tu, kimoja kinasaga kikavu.

Sasa kuboresha. Wengi wanataka bomba nene. Kwenye kusokotwa, upana ndio unasaidia zaidi kuliko unene: unene ukibaki uleule, bomba la milimita 90 linavumilia kama asilimia 44 zaidi ya la milimita 75. Ila kwanza pima nafasi kati yake na chesisi na paipu za breki.

Halafu jiulize kilichoikata ni nini. Injini ikitoa Nm 300 na gia ya kwanza ikazidisha mara 5, propela inabeba 1,500, na ukiachia klachi ghafla na mzigo mlimani inapigwa zaidi ya hapo. Ukiweka propela ngumu na ukaendelea na mtindo huohuo, kitakachokatika ni meno ya difu, na difu ni ghali zaidi. Wenzetu wa nje wanaocheza na malori ya rimoti kama Traxxas Slash, iliyotoka 2008, wanakutana na hilohilo: wanatoa shafti za plastiki, wanaweka za chuma, halafu gia za ndani ndizo zinasagika.

Mjomba alitaka bomba nene, tukabishana siku mbili (kwa adabu lakini, ni mjomba). Mwishowe alinunua propela nzima ya mtumba ya saizi ileile, kros mbili mpya, na akatoa springi mbili alizokuwa ameongeza nyuma, maana zilikuwa zinainua gari na kukunja kros kupita kiasi. Magunia amepunguza, ingawa analalamika kila safari. Na utingo sasa ana kabari mbili za mti, zimefungwa kamba pale nyuma ya kichwa cha gari.