Kolajeni ya Ng'ombe katika Mwili wa Binadamu

Mwili wa binadamu ni mwenyeji mwenye hadhari: kila kiingiacho chini ya ngozi hupimwa. Matabibu wa Ulaya walilijua jambo hili kwa hasara. Katika mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alidunga vazelini kujaza mahali palipopungukiwa na nyama, na wengine wakamfuata. Mafuta hayo mwili haukuweza kuyayeyusha. Uliyazungushia kovu, na baada ya miaka vinundu vigumu vikatokea katika nyuso zilizotakiwa kupambwa.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa California walishika njia nyingine. Walichukua kolajeni, protini iipayo ngozi nguvu, kutoka katika ngozi za ng'ombe. Ncha za protini hiyo, ambazo mwili huzitambua upesi kuwa ngeni, zilikatwa kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ili uadui upungue. Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliiruhusu kwa jina la Zyderm.

Mwili ulitoa majibu mawili. Kwa watu walio wengi uliipokea kwa utulivu, kisha ukaila kidogo kidogo, hata baada ya miezi michache haikubaki. Zyplast ya mwaka 1985, ambayo nyuzi zake zilifungamanishwa kwa glutaraldehaidi, ilidumu zaidi, lakini nayo ikaisha. Kwa wachache kingamwili ziliinuka: mahali pa sindano pakawa pekundu, pakavimba, pakawasha, pengine kwa miezi mingi.

Kwa hiyo kukawekwa sharti la majaribio. Tone dogo lilidungwa katika ngozi ya mkono, na mtu akangoja majuma manne. Watu wapatao 3 katika kila 100 walionekana hawaifai. Baadhi ya waliofaulu nao walidhurika baadaye, hata matabibu wengi wakapendelea kurudia jaribio mara ya pili. Hadhari hiyo ilistahili, maana wengi wa waliodungwa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wazima waliotaka kuondoa mikunjo ya uso, na mzima ana afya ya kupoteza.

Mwaka 2003 Marekani iliruhusu asidi ya hialuroni, isiyohitaji jaribio la ngozi, na haikupita miaka mingi kolajeni ya ng'ombe ikaachwa. Lakini historia yake fupi ilithibitisha kwamba ujuzi wa tabibu hauutoshi mwili usioulizwa kwanza.