Kivinjari kipi chafaa kwa matumizi ya kila siku?

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Kwa mkazi wa Isiolo anayetumia simu na kununua data kwa kipimo, uteuzi hutegemea gharama na usalama.

Opera Mini, iliyosambazwa duniani kote mwaka 2006, hupitisha kurasa kwenye seva za kampuni yake, zikabanwa kabla ya kufika simuni. Data hupungua sana. Hata hivyo, ikibana kwa kiwango cha juu kabisa, mawasiliano ya siri baina ya mteja na benki hufunguliwa kwenye seva hizo.

Firefox (2004) na Chrome (2008) hufikisha siri hiyo moja kwa moja, ingawa hula data zaidi. Hivyo, Opera Mini yafaa kusomea habari kila siku. Masuala ya fedha na eCitizen yaachiwe Firefox au Chrome.