Sauti Ipi?

Mtu akisema sauti ya santuri ya Rekwiemu ya Verdi iliyoongozwa na Carlo Maria Giulini ni mbovu, na mwenzake akamjibu kwamba hajapata kusikia sauti nzuri kuliko hizo, huenda wote wawili wamesema kweli. Wa kwanza anazungumzia kile mashine ilichonasa. Wa pili anazungumzia makoo ya watu. Kiswahili kimewapa neno lile lile, na mwalimu wa kwaya hulitumia kwa kitu cha tatu: mstari wa uimbaji, sauti ya kwanza mpaka ya nne, yaani soprano, alto, tena na besi. Santuri hii, kuliko nyingine zote ninazozipenda, humlazimisha msikilizaji azitenganishe sauti hizo tatu kabla hajafungua kinywa kuihukumu.

Kazi yenyewe ni Misa ya wafu. Giuseppe Verdi aliitunga kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni, aliyefariki Mei 1873, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Mei 1874, akaiongoza mwenyewe katika kanisa la San Marco mjini Milano. Sehemu ya mwisho, Libera me, alikuwa ameshaianza miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya misa ya kumkumbuka Rossini. Inataka waimbaji wanne wa peke yao, kwaya kubwa na okestra kamili, pamoja na tarumbeta nne za ziada zinazopigwa kutoka mbali, mahali ambapo hadhira haizioni. Giulini aliirekodi London, katika ukumbi wa Kingsway Hall, Septemba 1963 na tena Aprili 1964, akiwa na okestra na kwaya ya Philharmonia. Waimbaji wa peke yao ni Elisabeth Schwarzkopf, Christa Ludwig, Nicolai Gedda na Nicolai Ghiaurov. Msimamizi wa kurekodi alikuwa Walter Legge, mume wa Schwarzkopf na mwanzilishi wa okestra hiyo, ambaye Machi 1964, kati ya vipindi hivyo viwili, alitangaza kwamba anaivunja. Wanamuziki wakakataa kutawanyika, wakajiundia New Philharmonia.

Nianze na sauti ya mashine, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa. Kinasa sauti ni jina ninalolipenda kwa ukweli wake. Kunasa ni kazi ya mtego: unachokipata ni kile kilichokubali kuingia, na pengine kinaingia na usichokitaka. Kingsway Hall ulikuwa na mwangwi wa joto ambao kampuni za kurekodi ziliugombania kwa miongo mingi, ingawa treni za chini ya ardhi zilipita karibu na mngurumo wake ukaingia katika santuri nyingi. Kwa kwaya inayoimba polepole, mwangwi ule ni neema. Inapofika Dies irae, sehemu ya siku ya ghadhabu, utepe wa sumaku unazidiwa. Kwaya, shaba na ngoma vinapoingia kwa pamoja, sauti inapasuka. Nasema inapasuka kwa kuwa ndivyo wanavyosema mafundi wa spika mitaani, na sijaona sababu ya kuwatafutia neno zito zaidi. Kukwaruza ni jambo jingine: ni kosa la sindano, au la santuri iliyochakaa. Kupasuka ni kosa la siku ile ile ya kurekodi, limo ndani ya utepe, na hata kwenye CD za miaka ya baadaye bado linasikika.

Ubaya wa kosa hilo ni mahali lilipoangukia. Verdi aliandika ndani ya nota kwamba ngoma kubwa ikazwe kamba zake barabara, ili pigo linalojibu okestra litoke kavu na lenye nguvu sana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kavu ni nini hapa. Wapigaji wetu wanajua ngoma iliyowambwa vizuri na kuoteshwa moto inavyolia, na iliyolegea inavyobuma. Kwenye santuri ya Giulini pigo lile lina nguvu, lakini si kavu. Limevimba, na kingo zake zimemomonyoka. Anayeipima santuri kwa dakika hizo mbili peke yake ana haki ya kuitoa kasoro. Asichokuwa na haki nacho ni kusema kwamba kwa hiyo sauti za santuri hii ni mbaya, kwa wingi, kana kwamba neno halina mipaka.

Maana sauti ya kwaya ni habari nyingine kabisa. Mkufunzi wake alikuwa Wilhelm Pitz, Mjerumani aliyefundisha pia kwaya ya tamasha la Bayreuth. Sikiliza mwanzo. Cello zinashuka polepole, kisha kwaya inaingia kwa namna ambayo Waitalia huiita sotto voce. Nimeona watu wakiieleza kuwa ni kunong'ona, nami sikubali. Anayenong'ona ameacha kuimba, kwa sababu mnong'ono hauna noti. Wanachokifanya waimbaji hawa ni kuimba chini kwa chini. Kila noti ipo mahali pake na kila konsonanti ya Kilatini imeshikwa, ila pumzi imezuiwa isitoke yote. Chini kwa chini hubeba pia ile maana ya jambo linalofanywa bila kutangazwa, nayo inafaa sana pale: watu wanaomba, hawajui bado kama wanasikilizwa.

Hapo hapo lugha yetu inatutega. Sauti ya juu, kwa Kiswahili cha kila siku, ni sauti kubwa. Mwambie mtoto asiseme kwa sauti ya juu, atapunguza ukubwa. Chumbani kwa kwaya, sauti ya juu ni ile ya wanawake wa mstari wa kwanza. Mara nyingi mgongano huu hauleti hasara, kwa sababu waimbaji wengi wakipanda huongeza nguvu, na maana mbili zinakwenda pamoja bila mtu kuziona. Verdi amezitenganisha kwa makusudi. Ndani ya Libera me, pale maneno ya mwanzo yanaporudi bila ala yoyote, soprano anaruka oktava nzima hadi noti ya juu, na Verdi ameiandikia alama ya upole uliopita upole wa kawaida, herufi p nne mfululizo. Ni juu mno na ni ndogo mno, kwa wakati mmoja. Ukimwambia mwimbaji "imba kwa sauti ya chini" atashusha noti. Ukimwambia "imba juu" atapiga kelele.

Wanaisimu walishatupa msaada. Wao wana neno kidatu, wanalolitumia kueleza kupanda na kushuka kwa sauti katika usemi, nami naona linafaa kabisa kuhamia kwenye muziki. Na hata kabla ya wanaisimu, watu walikuwa wakisema sauti nyembamba na sauti nene wakimaanisha kidatu, na sauti kubwa na sauti ndogo wakimaanisha nguvu. Jozi hizo mbili zinatosha. Schwarzkopf kwenye noti ile ni mwembamba na mdogo, na haponyoki hata chembe. Ghiaurov kwenye Mors stupebit ni mnene na mdogo: analitaja neno la mauti, ananyamaza, analirudia, ananyamaza tena, na unene wa sauti yake unabaki pale pale ingawa nguvu imepungua. Alikuwa kijana kwa mwimbaji wa besi, hajafika miaka 35, na sidhani kama kuna aliyeimba kipande hicho kwa uzito zaidi kwenye santuri.

Schwarzkopf ndiye anayegawanya watu. Wasiompenda husema hana koo la Kiitalia, na ni kweli kwamba kati ya waimbaji wanne hakuna Mwitalia hata mmoja: wanawake ni Wajerumani, Gedda ni Mswidi, Ghiaurov ni Mbulgaria. Lawama hiyo huwekwa kwenye fungu la sauti, lakini naona mahali pake ni kwenye lafudhi. Si lafudhi ya maneno tu. Kuna lafudhi ya kuimba: jinsi mtu anavyoisukuma noti, anavyoiviringisha vokali, anavyoipokea noti inayofuata. Yeye alikulia katika nyimbo za Kijerumani, ambako kila neno hupimwa, na katika Verdi upimaji huo wakati mwingine unaonekana kama tahadhari. Pale okestra inapomtaka ajitupe, hajitupi. Hilo nakiri ni pungufu, na nguvu ya noti zake za chini haitoshi.

Lakini Libera me haianzi kwa kuimba. Soprano anasimama peke yake na kuyatamka maombi haraka kwenye noti moja, bila mapigo ya kupimwa. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hilo, kughani, na tofauti yake na kuimba inajulikana na kila aliyewahi kusikia utenzi ukisomwa mbele za watu. Anayeghani anabebwa na maneno, muziki unayafuata. Kwa kazi hiyo Schwarzkopf ni bingwa. Woga unasikika katika silabi, hauhitaji kuigizwa. Na katika Agnus Dei, ambapo yeye na Ludwig wanaimba lahani moja kwa oktava mbili tofauti, hatua 13 za mwanzo bila ala ya kuwasindikiza, sauti zao zinaoana. Walimu wa kwaya husema hivyo, zimeoana, nao wana maana ya kitu kilicho zaidi ya kulingana. Mbili zinazolingana bado ni mbili.

Juu ya mwendo sina mengi. Giulini hana haraka, hata panapowaka moto, na asiyependa utulivu wa namna hiyo atachoka.

Swali lililo zito zaidi ni la utakatifu. Hata kabla ya onyesho la kwanza, mwongozaji Hans von Bülow aliandika gazetini kwamba kazi hii ni opera iliyovaa mavazi ya kanisa. Mtunzi Brahms aliisoma nota akamwona von Bülow amejiaibisha, na mwaka 1892 von Bülow mwenyewe alimwandikia Verdi kumwomba radhi. Kauli ile haikufa, na waongozaji wengi huishi ndani yake, wakiipiga Dies irae kama dhoruba ya jukwaani. Giulini anaanzia kwenye neno la kwanza la Misa, requiem, ambalo Wakatoliki wa Kiswahili tunalijua kwa jina la raha, kwenye sala ya raha ya milele isemwayo makaburini. Raha nje ya kanisa imekwenda mbali. Ni starehe, ni kula na kunywa. Makaburini bado ni ya kale, ni mapumziko ya aliyechoka. Ukiisikiliza kazi hii kama ombi la raha ya namna hiyo, ghadhabu inakuwa sababu ya kuomba, na kwaya ndiyo mwombaji mkuu, si wale wanne walio mbele. Ndiyo maana Sanctus yake, kwaya mbili za sauti nane zinazofukuzana, ni nyepesi na kila sauti inafuatika kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo neno limefika kwenye maana yake ya tatu, na hapo santuri hii haina mpinzani ninayemjua.

Je, tuiiteje? Zilipendwa haifai, kwa sababu ya ule wakati uliopita. Naiita kigezo, neno la fundi: kipande anachokiweka juu ya ubao mpya kabla hajakata. Haimaanishi kwamba ubao wote ufanane nacho. Anayetaka lafudhi ya Kiitalia asikilize ile ya Tullio Serafin, iliyorekodiwa Roma mwaka 1939 na waimbaji Caniglia, Stignani, Gigli na Pinza, avumilie sauti ya mashine ya zamani zile. Anayetaka ghadhabu iliyokazwa atafute Toscanini wa 1951. Anayetaka ngoma kubwa isiyopasuka, na koo la Pavarotti akiwa kijana, achukue ya Georg Solti, Vienna, 1967. Anayetaka kusikia kwaya ikiomba achukue ya Giulini, na afikapo Dies irae apunguze kidogo ukubwa wa spika, si kidatu.