Modeli Iliyogoma Glasgow

Majira ya baridi ya 1763, Chuo Kikuu cha Glasgow kilimkabidhi fundi wake wa vyombo vya kupimia, James Watt, mashine ndogo ya mvuke iliyotumika kufundishia wanafunzi. Ilikuwa modeli ya mtambo wa Thomas Newcomen, ule uliokuwa ukivuta maji migodini Uingereza tangu 1712. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2 tu, na pistoni ilipanda na kushuka inchi 6. Kabla ya hapo ilikuwa imepelekwa London kwa fundi Jonathan Sisson, na tatizo halikwisha. Watt, kijana wa miaka 27 kutoka mji wa bandari wa Greenock, akaifungua, akaisafisha, akakaza vilivyolegea, akawasha moto. Mashine ikapiga mapigo machache, mvuke ukaisha, ikasimama.

Hakuna kilichovunjika. Kila kipande kilikuwa mahali pake, na boila lilikuwa na ukubwa uliostahili kwa vipimo vya modeli. Fundi mwingine angesema kwamba kitu cha kuchezea ni cha kuchezea, akakirudisha kabatini. Watt alitaka kujua kwa nini mtambo mkubwa unaweza kufanya kazi siku nzima ilhali mdogo, uliofanana nao kwa kila hali, unashindwa kwa dakika chache. Wengi wetu tulisimuliwa shuleni kwamba mvuke ulimjia Watt akilini alipokuwa akitazama birika la chai likichemka. Hadithi hiyo imependwa kupita kiasi. Kilichomfikisha Watt alikofika ni modeli hii iliyogoma, na sababu ya kugoma kwake inafaa kuelezwa taratibu.

Katika mtambo wa Newcomen, mvuke uliingia chini ya pistoni ukaijaza silinda. Kisha maji baridi yalirushwa ndani ya silinda hiyohiyo, mvuke ukageuka maji, nafasi ikabaki tupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Pigo lililofuata lilipoanza, mvuke mpya ulilazimika kwanza kuipasha moto silinda iliyokuwa imepozwa, ndipo uweze kuijaza. Hasara ilikuwa kubwa, lakini katika migodi ya makaa haikumuuma mtu: moto wa mtambo ulichochewa kwa makaa madogomadogo yasiyouzika, na yalikuwa tele mlangoni. Hakuna aliyekuwa na haja ya kupiga hesabu.

Modeli ilimlazimisha Watt kuipiga. Chai ya kikombe hupoa wakati ile ya kwenye birika ingali moto, kwa kuwa kitu kidogo kina ukuta mwingi ukilinganisha na kilichomo ndani yake. Punguza mashine mara 12 kwa urefu, upana na kimo: eneo lake la nje litapungua mara 144, lakini ujazo wake utapungua mara 1,728. Ndani ya silinda ya inchi 2, ukuta wa shaba ulikuwa unaumeza mvuke kabla haujafanya kazi. Watt alipima, akagundua kwamba kila pigo lilitumia mvuke unaoweza kuijaza silinda mara kadhaa. Joseph Black, aliyefundisha kemia chuoni hapo, alimweleza habari za joto fiche, lile ambalo mvuke hulibeba bila kulionyesha kwenye kipimajoto. Mei 1765, akitembea siku ya Jumapili katika viwanja vya Glasgow Green, jibu likamjia: mvuke ukageuzwe maji katika chombo cha pembeni, na silinda ibaki moto wakati wote. Kulijaribu wazo hilo alichukua bomba la sindano la shaba la waganga, lenye upana wa inchi 1¾ na urefu wa inchi 10, akalifanya silinda. Hataza ya chombo hicho, kondensa, ilitolewa 1769.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipoanza historia ya kweli ya modeli kama chombo cha maarifa. Udogo ule haukuleta kosa jipya. Ulikuza kosa lililokuwamo katika mtambo mkubwa kwa nusu karne, hadi likawa halivumiliki.

Miaka 100 hivi baadaye suala hilohilo lilijitokeza majini. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hujenga bila michoro. Jicho la fundi linatosha kwa sababu jahazi la leo ni mtoto wa jahazi la jana. Wajenzi wa meli za chuma zenye injini hawakuwa na jana ya kuitegemea. Meli ilichorwa, ikajengwa kwa gharama kubwa mno, ndipo ikajulikana kama ina mbio au ni mzigo. Kukokota modeli majini kulijaribiwa mara nyingi, na wataalamu wengi walikata tamaa, kwa kuwa nguvu iliyopimwa kwenye modeli ikizidishwa kwa ukubwa wa meli ilitoa majibu ya uongo.

William Froude, mhandisi aliyezaliwa Devon mwaka 1810, hakukata tamaa. Alikuwa amefanya kazi za reli chini ya Isambard Kingdom Brunel, na ni Brunel aliyemtia katika utafiti wa kuyumba kwa meli. Mwaka 1867 alianza kukokota modeli za maumbo mawili katika mto Dart: moja, Raven, yenye pua nyembamba, na nyingine, Swan, yenye kifua kipana kama cha ndege wa majini. Kila umbo alilitengeneza kwa urefu wa futi 3, 6 na 12. Raven ilipita kwa wepesi katika mwendo mdogo. Mwendo ulipozidi, Swan ikaishinda. Imani kwamba kuna umbo moja lililo bora kwa kila meli ikaporomoka.

Froude aligundua kwamba mawimbi ya modeli hufanana na ya meli pale tu mwendo unapopunguzwa kwa kipeuo cha pili cha urefu. Modeli iliyo ndogo mara 16 ikokotwe kwa robo ya mwendo wa meli, na mawimbi yatajipanga vilevile. Msuguano wa maji kwenye ngozi ya meli, hata hivyo, haufuati sheria hiyo. Kwa hiyo alikokota mbao bapa peke yake, akapima msuguano wake, akautoa kwenye hesabu ya modeli, akakuza kilichobaki, kisha akaujumlisha msuguano wa meli yenyewe. Kugawa tatizo moja katika mawili yanayotii sheria mbalimbali ni fikra ya hali ya juu, na wahandisi wa meli wanaitegemea mpaka leo.

Jeshi la Majini la Uingereza lilimpa pauni 2,000, akajenga birika la majaribio lenye urefu wa futi 278 jirani na nyumba yake huko Torquay. Majaribio yakaanza 1872. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya vifaa. Mbao hufyonza maji na kujikunja, na kuchonga kila modeli upya kwa mkono kungechukua miezi. Froude akaamua kutumia nta ya mafuta ya taa: haifyonzi maji, hukwanguliwa kwa urahisi, na modeli isiyotakiwa huyeyushwa ikawa nyingine. Lakini hakukuwa na duka lililouza mashine ya kuchonga meli za nta. Akabuni yake, yenye visu viwili vinavyozunguka na kuchonga pande zote mbili kwa pamoja, huku mwendeshaji akiufuata mchoro wa meli mstari kwa mstari. Vipimio vya mvuto navyo vilibuniwa hapohapo. Meli halisi, HMS Greyhound, ilikuwa imekokotwa baharini na HMS Active mwaka 1871, na namba za baharini na za birikani zikaafikiana vizuri. Froude alifariki 1879 huko Simonstown, Afrika Kusini, alipokuwa mgeni wa Jeshi la Majini, akazikwa hukohuko.

Katika visa vyote viwili, anayetengeneza modeli kwa dhati huishia kutengeneza vifaa. Kitu kidogo kinadai usahihi ambao vifaa vya dukani havikukusudiwa kuutoa. Watt mwenyewe alimalizia maisha yake katika kazi hiyo. Alipostaafu mwaka 1800, tajiri na mwenye jina, alijifungia darini katika nyumba yake ya Heathfield, karibu na Birmingham, akatengeneza mashine mbili za kunakili sanamu. Ncha moja ilipapasa sanamu ya asili, na ncha nyingine, yenye kisu kinachozunguka, ikachonga nakala: mashine moja kwa ukubwa uleule, nyingine kwa ukubwa uliopunguzwa. Alipokufa 1819 chumba kilifungwa, kikabaki karibu kama alivyokiacha. Mwaka 1924 kilihamishwa chote, pamoja na mbao za sakafu, mlango na dirisha lake, hadi Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Kina vitu zaidi ya 8,000.

Mambo haya yalikuwa ya wasomi na wenye uwezo hadi Januari 1898, Percival Marshall alipoanzisha jarida la The Model Engineer. Alilikusudia kwa makarani, mafundi wa reli na vijana wa viwandani waliokuwa na meza, jiliwa na tupa chache nyumbani. Mwaka huohuo chama cha wahandisi wa modeli kikaundwa London. Ndani ya kurasa za jarida hilo tatizo la Watt liliibuka tena miaka ya 1920, safari hii kuhusu treni ndogo za mvuke. Baadhi ya wabunifu waliona kwamba boila dogo la makaa, lenye mabomba ya moto kama ya treni halisi, haliwezi kufaa kitu. Wakashikilia taa za spiriti. Mwandishi aliyejiita LBSC, herufi za kampuni ya reli aliyowahi kuifanyia kazi, aliwapinga kwa treni aliyoitengeneza mwenyewe, Ayesha, ya reli za upana wa inchi 2½. Ilichoma makaa na kumvuta mtu mzima.

Siri yake ilikuwa kukataa kunakili kitumwa. Mabomba ya boila la treni kubwa yakipunguzwa kwa kipimo kilekile hufikia upana wa milimita mbili hivi, na majivu huyaziba mara moja. LBSC alitumia mabomba machache yaliyo mapana. Nje treni ilifanana na ile kubwa. Ndani ilitii sheria za udogo wake. Kabla ya kifo chake mwaka 1967 aliandika katika jarida hilo kwa miongo kadhaa, akiwafundisha watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo cha ufundi.

Jarida hilohilo ndilo lililochapisha, miaka ya 1970, michoro ya Quorn, mashine ya kunolea visu vya mashine iliyobuniwa na Profesa D. H. Chaddock na kupewa jina la kijiji cha Leicestershire. Karibu kila sehemu yake mtu anaweza kuitengeneza nyumbani kwa mashine ndogo ya kukereza. Wapo waliofika mbali zaidi katika ufundi huo: Cherry Hill, Mwingereza aliyechonga modeli za matrekta ya mvuke kwa kipimo cha moja kwa 16, alitumia maelfu ya saa kwa kazi moja, na baadhi ya mitambo aliyoifufua ilikuwa imebaki kwenye michoro ya hataza tu. Modeli zake kadhaa ziko London, katika Taasisi ya Wahandisi Mitambo.

Lakini mashine ya kukereza yenyewe mtu aipate wapi, ikiwa hana fedha? David Gingery wa Springfield, Missouri, alijibu kuanzia 1980 kwa mfululizo wa vitabu saba. Cha kwanza kinafundisha kujenga tanuru la mkaa ndani ya ndoo, na kusubu alumini chakavu katika kalibu za mchanga. Cha pili kinatumia vipande hivyo kuunda mashine ya kukereza, na mashine hiyo, ingali haijakamilika, inatumika kutoboa na kuchonga sehemu zake zilizosalia. Kisha inazaa nyingine.

Kinachoonekana muujiza hapo ni usahihi: unyoofu utoke wapi kama hakuna kitu kilichonyooka cha kuigia? Jibu alilieleza mhandisi Joseph Whitworth mwaka 1840, mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow. Chukua bamba tatu za chuma. Paka moja rangi, ilaze juu ya ya pili, kwangua palipopata alama, rudia. Bamba mbili peke yake zinaweza kudanganya, moja ikawa na kifua na nyingine shimo, zikakutana kikamilifu. Ya tatu huufichua uongo huo: bamba tatu zinazokubaliana zote, kila moja na kila nyingine, hata zikizungushwa upande wowote, haziwezi kuwa na umbo jingine ila tambarare. Usahihi unapatikana bila kuazimwa popote.

Tanuru la ndoo, mkaa, mchanga na alumini chakavu vipo tayari Kamukunji, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, ambako kipande cha reli kimekuwa fuawe kwa miaka mingi na mikono imekwisha kuizoea kazi. Kinachokosekana ni unyoofu, na ndiyo maana mafundi wetu hununua mashine kuukuu kutoka nje kwa bei ya kuumiza. Ningependa kuona chuo kimoja cha ufundi kikiwakabidhi wanafunzi wa mwaka wa kwanza bamba tatu za chuma, rangi ya buluu na kikwaruzo, na kuwapa wiki chache za kukwangua kabla hawajagusa mashine yoyote. Kikwaruzo nacho hakinunuliwi: husagwa kutokana na tupa iliyokwisha meno.