Nyabunyana, Shangazi wa Karagwe

Sisi watu wa Mabira tumezoea kutazama magharibi. Huko ndiko uliko mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Mto wenyewe si ukuta. Hujivuta polepole kati ya matete na mabwawa. Leo ukivuka upande wa wilaya yetu ya Kyerwa unakutana na hifadhi ya wanyama ya Akagera, iliyotengwa mwaka 1934 wakati Wabelgiji walipokuwa wakiitawala Rwanda. Lakini kabla ya hifadhi, na kabla ya Wazungu kuchora ramani, ng'ombe walivushwa kwenye mto huo, na pamoja na ng'ombe walivushwa maharusi. Nataka kuzungumza juu ya bibi harusi mmoja tu kati ya hao.

Jina lake ni Nyabunyana. Masimulizi ya nyumba ya kifalme ya Rwanda, ambayo padre Alexis Kagame aliyakusanya na kuyaandika katika karne iliyopita, yanamtaja kuwa dada wa mwami Ndahiro Cyamatare. Aliolewa Karagwe, na mumewe alikuwa Omukama Karemera Ndagara wa ukoo wa Wahinda.

Pengine msomaji atauliza kwa nini Mhinda aoze au aoe mbali hivyo, hali jirani zake wengi walikuwa watu wa damu yake. Wahinda hujiita watoto wa Ruhinda, na enzi za Karagwe, Nkore, Ihangiro na Buzinza zote hujihesabu kuwa za uzao huo. Naam, na hapo ndipo penye shida. Mtu wa damu yako ndiye mwenye haki ya kuikalia ngoma yako. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki katika miaka ya 1850, aliyemwinukia Rumanyika hakuwa mgeni bali Rogero, mtoto wa baba yake. Speke alipofika Karagwe Novemba 1861 alisimuliwa habari hizo zikiwa bado mbichi, jinsi mfanyabiashara Musa Mzuri alivyotoa pembe za ndovu kwa Kabaka Suna ili jeshi la Buganda lije kumwokoa Rumanyika. Omukama aliokolewa na mgeni asitafunwe na ndugu. Mkwe, kwa upande wake, hana haki ya ngoma. Ana haki ya kukaribishwa, kupewa pombe ya ndizi na kusikilizwa. Kwa mfalme aliyezungukwa na ndugu, hilo si jambo dogo.

Turudi kwa Nyabunyana. Kaka yake Ndahiro aliishi katika vita tangu mwanzo wa enzi yake. Ndugu zake wa baba mmoja, Juru na Bamara, hawakumkubali, na maadui wa magharibi wakaingilia ugomvi huo. Alipoona mambo yanaharibika, alimchukua mwanawe Ndori, angali mtoto, akampeleka Karagwe kwa shangazi yake. Haukupita muda mrefu Ndahiro akauawa. Mama yake na wake zake wakauawa pia, na ngoma ya kifalme iliyoitwa Rwoga ikatekwa. Masimulizi yanasema Rwanda ilikaa miaka 11 bila mwami halali. Sehemu ya nchi ilishikwa na Byinshi, mwana wa yule Bamara. Kisha Ndori akarudi kutoka Karagwe akiwa kijana kamili, akamwondoa Byinshi, akatawala kwa jina la Ruganzu, na badala ya Rwoga ikawekwa ngoma mpya, Karinga. Karinga ndiyo iliyobaki kuwa ngoma ya ufalme wa Rwanda mpaka ufalme wenyewe ulipoondolewa mwaka 1961.

Mimi hupenda kusimama kidogo hapo kwenye neno shangazi. Mtoto wa mfalme hana watu wengi wa kumwamini. Baba wadogo wanaitaka ngoma yake. Wajomba hawawezi kuikalia, lakini wanaweza kuitawala kupitia kwake, na mara nyingi ndivyo wanavyofanya. Shangazi ni damu ya baba, kwetu tunamhesabu kuwa baba wa kike, lakini hakai kwenye ngoma, na watoto wake ni wa ukoo wa mumewe. Anabaki na mapenzi bila tamaa, au angalau kwa tamaa ndogo. Ndahiro alijua alichokuwa akifanya.

Si kila ndoa ya namna hiyo ilizaa kimbilio. Masimulizi hayohayo ya Rwanda yana habari ya Robwa, aliyeishi vizazi kadhaa kabla ya Nyabunyana. Kaka yake alikuwa mwami Ruganzu Bwimba, na yeye aliolewa na Kimenyi, mfalme wa Gisaka, nchi iliyokuwa kusini-mashariki mwa Rwanda ya leo. Ilikuwa imetabiriwa kwamba mtoto wa ndoa hiyo ataitwaa Rwanda iwe mali ya Gisaka. Robwa, akiwa mja mzito, alijitupa juu ya ngoma ya Gisaka akafa pamoja na mtoto tumboni. Kaka yake naye alikwenda kufia Gisaka kwa ajili ya nchi yake. Wanaosimulia humsifu Robwa kama shujaa. Mimi kila ninapoisikia habari hiyo namwona msichana aliyetumwa na nyumba mbili, na hakuna hata moja iliyomtaka aishi.

Watu wa Ulaya nao walikuwa na mambo haya, tena waliyaandika kwa wino na mhuri. Katika Ufaransa ya karne ya 16 kulikuwa na ukoo wa Guise, watu wakubwa lakini si wafalme. Binti yao Marie aliolewa mwaka 1538 na James wa Tano, mfalme wa Scotland. Wakapata binti, Mary Stuart, Desemba 1542, na siku sita baada ya kuzaliwa kwake baba yake akafa. Waingereza wakaivamia Scotland kwa vita wakitaka mtoto huyo aposwe na mwana wa mfalme wao. Mwaka 1548, akiwa na miaka mitano, mama yake akampeleka Ufaransa. Mpaka hapo ni hadithi ya Ndori mtupu: mtoto wa kifalme, vita nyumbani, na nyumba ya ukwe ng'ambo ya maji. Tofauti ni kwamba Mary alipokelewa na wajomba.

Nao wajomba walifanya kazi ya wajomba. Mwaka 1558 aliozwa kwa mrithi wa Ufaransa, na kabla ya harusi alitia sahihi hati za siri kwamba akifa bila mtoto, Scotland itakuwa ya mfalme wa Ufaransa. Mumewe akawa mfalme mwaka 1559, na kwa mwaka mmoja na nusu hivi ukoo wa Guise ndio ulioishika serikali. Kijana huyo akafa Desemba 1560. Mwaka uliofuata Mary alirudi kwao akiwa mjane wa miaka 18, mgeni katika nchi yake mwenyewe. Baadaye alinyang'anywa kiti, na mwaka 1587 alikatwa kichwa Uingereza.

Sasa niseme jambo ambalo wapenda masimulizi hawalifurahii. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2001, aliukataa ukoo wa Ndori. Kwake, Ndori alikuwa mgeni aliyeingia Rwanda na ng'ombe wake na watu wake katika karne ya 17, akaanzisha ufalme mpya. Habari za baba aliyeuawa na shangazi wa Karagwe zilitungwa baadaye, ili mgeni aonekane mwana wa nyumba. Hoja zake ni nzito, na sina haja ya kuzipuuza kwa sababu tu zinamwondolea Karagwe sifa.

Lakini hebu tukubali kwamba ilitungwa. Mtungaji alikuwa na kazi ngumu: kumpa mtu aliyetoka nje haki ya kuwa wa ndani. Angeweza kusema Ndori alidondoka kutoka mbinguni, maana hadithi za namna hiyo Rwanda zilikuwepo. Angeweza kusema alifichwa na mtumishi mwaminifu. Alichagua mwanamke wa Rwanda aliyeolewa Karagwe, kwa sababu kila aliyekuwa akimsikiliza alijua kwamba wanawake kama hao wapo, kwamba milango yao iko wazi kwa watoto wa kaka zao, na kwamba mume wa shangazi hamfukuzi mtoto aliyekuja kujificha. Uongo, kama ni uongo, ulishonwa kwa uzi wa kweli. Kwa hiyo Vansina akishinda, Nyabunyana mmoja ananitoka, lakini wanabaki wengine wengi ambao majina yao hakuna aliyeona haja ya kuyahifadhi.

Uzi huo haukukatika mara moja. Utawala wa machifu ulifutwa Tanzania mwaka 1963, lakini wakulima na wafugaji waliendelea kuoana bila kumwuliza Omukama wala mwami. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, wamo waliokuja wakitaja majina ya mashangazi. Kisha mwaka 2013 ilikuja operesheni ya kuwaondoa mkoani Kagera watu walioonekana kuwa wahamiaji haramu, na maelfu walivuka kurudi Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo walioishi huku miaka mingi, walioolewa huku na kuzaa huku. Serikali ina haki ya kujua nani yuko ndani ya mipaka yake; hilo silipingi. Ila karatasi ya uhamiaji ina nafasi ya jina la baba, mahali pa kuzaliwa na uraia. Nafasi ya kuandika shangazi aliolewa wapi haimo.