Mgonjwa Asiyesema

Mwaka 1995 kiharusi kilimwacha Jean-Dominique Bauby, mhariri wa Paris, na ukope mmoja tu wa kusemea. Msaidizi alimtajia herufi, zitumikazo sana zikitangulia. Ikifika aitakayo, yeye hupepesa. Hivyo alitunga kitabu kizima, kikatoka 1997.

Habari hiyo niliikumbuka jirani yangu wa Gerezani alipolazwa, sauti imekatika. Wanawe walimwuliza: maji? maumivu? Akageuza macho pembeni. Mimi, mwalimu mzee, nikamtajia herufi nikianzia a, maana Kiswahili hakina itumikayo kuliko hiyo. Akawa anapepesa. Taratibu zikaja: d, e, n, i. Alidaiwa na fundi bati mtaani. Deni lililipwa jioni ileile, naye akalala usingizi.

Ndugu msomaji, mgonjwa asiyesema hakuishiwa maneno; pengine amekosa wa kumsubiri.